Paa Lililotangulia Nguzo: Mhadhara Kuhusu Monasteri ya Geghard

Karibuni tena. Picha za kabla ya chai zilikuwa za makanisa juani. Sasa tuingie gizani kidogo.

Tazameni nguzo hizi nne. Zina vitako, zina vichwa, juu yake yamepita matao mazito, na juu ya matao kuna paa. Fundi yeyote aliyewahi kushika mwiko atasema nguzo zilisimamishwa kwanza, paa likafuata. Hapa mambo ni kinyume. Paa lilikuwepo tangu zamani za zamani, kwa sababu paa ni mlima wenyewe. Nguzo zilikuja baadaye, kwa nyundo na patasi, kila jiwe lililozizunguka likaondolewa hadi zikabaki zimesimama.

Hii ni Geghard, kwenye korongo la mto Azat, kilomita 40 hivi kutoka Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Zamani iliitwa Ayrivank, yaani monasteri ya pango. Chumba mnachokiona kilichongwa mwaka 1288 kiwe maziara ya Papak wa ukoo wa Proshian na mkewe Ruzukan.

Swali langu ni dogo: mtu anayechimba pango anataka nguzo za nini?

Jibu liko kijijini. Mkulima wa nyanda za juu za Armenia, kwenye baridi inayopasua mawe, alijenga nyumba iliyozama nusu ardhini. Ndani alisimamisha nguzo za mti, kisha akalaza boriti kwa kukatisha pembe, duru juu ya duru, kila duru ikiwa finyu kuliko iliyo chini yake, mpaka likabaki tundu moja katikati. Juu akafunika udongo. Tundu hilo huitwa erdiki. Moshi ulipanda kupitia hapo, mwanga ukashuka. Chini yake palikuwa na shimo la moto, tonir, neno lililo ndugu wa tanuri letu. Kwa hiyo mkiona erdiki, jueni mko nyumbani kwa mtu.

Watawa waliichukua nyumba hiyo wakaigeuza mawe. Mbele ya makanisa yao walijenga ukumbi unaoitwa gaviti, mahali pa mikutano, pa mafundisho, pa waumini waliokosa nafasi ndani, na pa kuzikia wakubwa. Wanahistoria wengi wa ujenzi wanaona asili yake katika paa lile la mkulima. Pale Haghpat, monasteri nyingine ya kaskazini, gaviti ya karne ya 13 ina matao mapana yanayokatizana, na katikati, bila shaka, tundu la mwanga. Mimi nikiulizwa Waarmenia wamevumbua nini katika ujenzi, nitaitaja gaviti kabla ya kanisa. Wenzangu wengine hawakubali, tutagombana wakati wa maswali.

Kanisa kuu la Geghard lilikamilika mwaka 1215, chini ya ndugu Zakare na Ivane, majemadari wa Malkia Tamar wa Georgia. Gaviti ilifuata muda mfupi baadaye, nayo imejengwa kwa mawe, ubavu wake umeegemea mwamba. Dari yake imechongwa vijumba vinavyoning'inia kama masega ya nyuki. Mtindo huo ni mukarnasi, ule ule wa misikiti na madrasa za majirani zao Waislamu. Vita vilikuwa vingi baina ya watawala wao, lakini ufundi ulivuka mipaka.

Kisha monasteri ikanunuliwa na Waproshian, wakati Wamongolia wameshika nchi, na hapo ndipo mlima ulipoanza kutobolewa. Mchongaji mmoja aliacha jina lake ukutani: Galdzak. Ndani ya mwamba hakukuwa na boriti, hakukuwa na moshi wa kutoa. Hata hivyo matao yamo, nguzo zimo, tundu la juani limo. Nyumba ya mkulima ilinakiliwa mahali ambapo haikuhitajika hata kidogo. Ukoo nao ulitaka ujulikane, ikachongwa nembo yake: kichwa cha fahali kinauma mnyororo, mnyororo umefunga shingo za simba wawili, na chini yao tai amemkamata mwanakondoo kwa makucha. Huo ndio muhuri wa mwenye mali, umewekwa juu ya wafu wake.

Turudi chumba cha juu, kile cha nguzo nne tulichoanza nacho. Kwenye sakafu kuna tundu jingine, linatazama chumba cha chini, na sauti hupita humo. Jiwe ni moja, halina kiungo wala ufa wa kuimeza, kwa hiyo sauti huzunguka na kurudi mara nyingi kabla ya kufa.

Naomba feni zizimwe kwa dakika mbili. Mtakaowasikia ni waimbaji watano tu.