Weka Kipanya Pembeni: Vitufe vya Kuanzia Katika Kuhariri Video

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, hapa Mwanza na popote mlipo kandokando ya ziwa. Leo tunashughulikia jambo ambalo limejirudia sana katika ujumbe mnaotutumia. Wapo vijana wengi wanaopiga video za harusi, za ibada na za ngoma, ambao kwa muda mrefu wamehariri kwa simu, na sasa wamepata kompyuta mpakato lakini wanakwama mbele ya programu iliyojaa madirisha na vitufe. Mmoja ametuandikia kwamba alipakua orodha ya njia za mkato za kibodi, akaichapisha na kuibandika ukutani, ila hadi leo anafanya kila kitu kwa kipanya. Kaka Kulwa, tumshauri nini?

KULWA: Aibandue. Nasema hivyo bila utani, dada Neema, kwa sababu orodha ile imepangwa kwa kufuata menyu za programu, wala haikupangwa kwa kufuata kazi ya mhariri. Ndani yake kitufe unachokitumia mara mia kwa siku kimewekwa sambamba na kitufe ambacho hutakigusa mwaka mzima, na anayeanza hana namna ya kuvitofautisha. Ajifunze vitufe vinane au tisa, kila kimoja akiwa katikati ya kazi halisi, na kabla ya hapo aelewe programu inafanya nini hasa na faili zake.

NEEMA: Tuanzie hapo basi, kwa sababu wengi wanaogopa kukata wakidhani wanaharibu video waliyoipiga.

KULWA: Hawaharibu chochote. Unapoingiza klipu kwenye Premiere Pro, DaVinci Resolve au Kdenlive, programu haiigusi faili ya asili. Inachoandika ni maelekezo tu, kwamba ichukuliwe klipu fulani kuanzia sekunde fulani hadi sekunde fulani, ifuatiwe na nyingine, na sauti ipunguzwe kiasi fulani. Mradi wako ni maelekezo hayo, na video mpya huzaliwa pale tu unapoitoa kama faili kamili mwishoni. Ndiyo maana mtu anaweza kukata klipu vipande hamsini na bado faili iliyoko kwenye diski ikabaki nzima. Kwa sababu hiyohiyo, ukihariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera, kisha ukamrudishia mwenye kamera kadi yake, ukifungua mradi utakutana na maandishi ya Media Offline badala ya picha. Maelekezo yapo, ila kinachoelekezwa hakipo.

NEEMA: Kwa hiyo hatua ya kwanza ni folda.

KULWA: Folda moja kwa kila kazi, kwenye kompyuta au kwenye diski ya nje, ikiwa na sehemu ya picha, ya sauti na ya muziki, na ukishaanza kuhariri usibadilishe majina wala kuhamisha kitu. Wanaotumia Resolve waongeze jambo moja: mradi wao haukai ndani ya folda hiyo, unatunzwa kwenye hifadhi ya programu yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuhamia kompyuta nyingine ni lazima autoe kwanza kama faili ya .drp na kuubeba pamoja na picha zake.

NEEMA: Na kasi ya fremu, yaani idadi ya picha ambazo kamera inachukua kila sekunde? Kuna anayeuliza kwa nini picha alizopiga ukumbini usiku zina mistari inayotembea.

KULWA: Hilo halitokani na programu, linatokana na umeme. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi humetameta kwa kufuata mapigo hayo, kwa hiyo kamera iliyopangwa kwa kasi ya nchi zenye hezi 60 itaonyesha mistari. Piga kwa fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Kisha, unapofungua mradi, upange uwe wa fremu 25 kabla ya kuweka klipu ya kwanza, kwa kuwa Resolve haitakuruhusu kubadilisha kasi ya mradi ukishaanza kupanga klipu. Jambo la pili linahusu simu: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu isiyo thabiti, na kwenye video ndefu midomo huanza kuachana na sauti. Pitisha kwanza klipu hizo kwenye programu ya bure ya HandBrake, uchague kasi thabiti, ndipo uanze kuhariri.

NEEMA: Sasa tufike kwenye kibodi. Nimeleta mfano wa kazi ya kweli. Tuseme una mahojiano na mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Amezungumza dakika kumi na tano, nyuma yake kuna injini za mitumbwi na wapakiaji wanaoitana, nawe unataka dakika mbili tu. Unaanzaje?

KULWA: Ninaanza kwa J, K na L. Herufi hizi tatu zimepangana kwenye kibodi, na karibu programu zote kubwa za kuhariri zinazitumia kwa namna moja. L inachezesha mbele, K inasimamisha, J inarudisha nyuma. Ukibonyeza L mara ya pili, video inakwenda kwa kasi maradufu, na ukiendelea kubonyeza kasi inapanda. Hapo mama anapoanza kusimulia bei za mwaka juzi, jambo ambalo hulihitaji, unapita haraka huku bado unasikia maneno. Ukishikilia K na kubonyeza L, video inatambaa polepole, nawe unasikia neno linapoanzia na linapoishia.

NEEMA: Na hapo ndipo pa kukatia.

KULWA: Ndipo hasa. Chukua sentensi yake, aseme, "Dagaa wakikauka vizuri hawanuki." Kabla ya neno la kwanza amevuta pumzi. Ukikata baada ya pumzi, sentensi inaanza kama mtu aliyesukumwa. Ukikata mapema mno, unaingiza sauti ya mpakiaji anayemalizia kupiga kelele. Kwa kipanya utakuwa unavuta mstari wa kuchezesha, ule unaoonyesha video imefika wapi, kushoto na kulia, ukipita mahali penyewe kila mara. Kwa kibodi unakaribia kwa K na L, kisha unasogea fremu mojamoja kwa mishale ya kushoto na kulia. Kwenye mradi wa fremu 25, kila mshale ni sekunde 0.04, na tofauti ya fremu tatu au nne kwenye pumzi inasikika kabisa. Mishale ya juu na chini, kwa upande wake, inakurusha kutoka mkato mmoja hadi mwingine.

NEEMA: Ninaloliona mimi ni kwamba macho yanabaki kwenye uso wa mama.

KULWA: Hiyo ndiyo faida yenyewe, na watu wanaikosea wanaposema njia za mkato ni za kuokoa muda. Muda unaokolewa, sikatai. Lakini anayetafuta kitufe cha wembe, yaani zana ya kukatia klipu, kwa kipanya ameacha kumwangalia mama, na akirudi amesahau kwa nini alitaka kukata pale. Mkono unaojua kibodi unakuachia macho na masikio kwa ajili ya hadithi.

NEEMA: Tumepata mahali. Tunakata kwa kitufe kipi?

KULWA: Kabla ya kukata, zipo I na O. Ukiwa unaangalia klipu kwenye dirisha la klipu ghafi, I inaweka alama ya mwanzo na O inaweka alama ya mwisho, halafu kipande hicho peke yake ndicho kinachoingia kwenye mpangilio (timeline), yaani sehemu ambayo vipande vinapangwa kwa mfuatano. Kwa mahojiano marefu, njia hii ni bora kuliko kumwaga dakika zote kumi na tano kwenye mpangilio na kuanza kuchonga. Ukishakuwa kwenye mpangilio, kukata palipo na mstari wa kuchezesha ni Ctrl na K kwa Premiere, au Ctrl na B kwa Resolve. Wenye kompyuta za Apple waweke Command mahali pa Ctrl. Premiere ina wembe kwenye herufi C, na Resolve inao kwenye B, lakini wembe unakulazimisha kushika kipanya na kulenga, kisha kukumbuka kurudisha mshale wa kawaida. Mimi siutumii kabisa.

NEEMA: Kuna kijana wa Nyegezi aliyeniambia kwamba Q na W ndizo zilizombadilishia kazi.

KULWA: Ana haki. Kwenye Premiere, Q inaondoa kila kilichopo kati ya mkato uliopita na mahali ulipo, kisha inaziba pengo. W inaondoa kuanzia mahali ulipo hadi mkato unaofuata, nayo inaziba. Kwa mahojiano hazina mfano. Unasikiliza, ukifika mwanzo wa jambo lenye maana unabonyeza Q, ukifika mwisho wake unakata, unaendelea.

NEEMA: Umetaja kuziba pengo. Hapo ndipo wanaohama programu wanapochanganyikiwa.

KULWA: Wanachanganyikiwa kwelikweli, maana vitufe vinafanana lakini tabia zimepishana. Kwenye Premiere, ukichagua kipande na kubonyeza Delete, kinaondoka na kuacha pengo jeusi. Ukitaka vinavyofuata visogee vizibe, unabonyeza Shift na Delete. Kwenye Resolve, Backspace ndiyo inayoacha pengo, na Delete peke yake inaziba. Sasa mtu aliyezoea Premiere anafungua Resolve, anabonyeza Delete akitarajia pengo, na mpangilio wake wote wa mbele unasogea bila yeye kugundua. Anagundua nusu saa baadaye, picha za keki zikiwa zimeangukia kwenye wimbo wa kuingilia maharusi.

NEEMA: Na Ctrl na Z haiwezi kumrudisha nusu saa nzima.

KULWA: Inaweza kumrudisha, lakini itafuta na yote mazuri aliyoyafanya ndani ya nusu saa hiyo. Dawa ni utaratibu wa kazi. Hariri maneno kwanza, muziki uweke baada ya maneno kutulia. Kama ni lazima muziki uwepo mapema, funga njia yake, yaani mstari wake kwenye mpangilio, kwa alama ya kufuli ili isisogezwe.

NEEMA: Ngoma je? Kwenye bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, muziki ndio kila kitu, na umerekodiwa pamoja na picha.

KULWA: Ngoma inageuza utaratibu. Tuseme umepiga kwa simu mbili pale Bujora, moja imetulia mbele ya wachezaji, nyingine inazunguka ikifuata majembe yanayorushwa na miguu. Chagua sauti ya ile iliyotulia, iache nzima kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho, na usiikate hata mara moja. Simu ya pili iweke kwenye njia ya juu, uilinganishe kwa kuangalia mawimbi ya sauti, maana pigo la ngoma linaonekana kama kilele kirefu na vilele viwili vikikaa sawasawa picha zote mbili zinaoana. Kisha unazima sauti ya juu, unakata na kuondoa picha za juu tu, na hapo unataka pengo libaki, kwa sababu pengo la njia ya juu linafichua picha ya chini. Ukiziba, mchezaji wa juu atakanyaga chini wakati ngoma imeshapiga. Kwa hiyo Delete ya Premiere, Backspace ya Resolve.

NEEMA: Na mikato yenyewe iangukie kwenye pigo?

KULWA: Si yote. Ukikata kila pigo, mtazamaji anachoka kabla mchezaji hajachoka. Bonyeza M huku ngoma inalia, utaacha alama kwenye mapigo unayoyapenda, kisha uchague chache.

NEEMA: Tuseme neno kuhusu kompyuta dhaifu, kwa maana wengi wana mashine zilizotumika.

KULWA: Resolve ya bure, inayotengenezwa na Blackmagic Design ya Australia, ni programu kamili, haiweki nembo kwenye video na inatoa hadi 3840 kwa 2160, lakini inadai kadi ya kuchakata picha (GPU) ya maana na kumbukumbu ya kazi (RAM) ya GB 16 ili iende bila kusuasua. Premiere inalipiwa kwa mwezi. Mwenye mashine nyepesi aanze na Kdenlive au Shotcut, ambazo ni huru na za bure. Na kwa programu yoyote, kama picha zinakwama, tengeneza proksi, yaani nakala ndogo za klipu zako ambazo programu huzitumia wakati wa kuhariri, kisha wakati wa kutoa inarudi kwenye zile kubwa. J, K na L hazina faida yoyote kama mashine haiwezi kuchezesha. Halafu Ctrl na S iwe tabia ya vidole, na uhakikishe hifadhi ya kujiendesha (autosave) imewashwa, maana umeme ukikatika na betri imechoka hupewi nafasi ya kuaga.

NEEMA: Tuna mabishano yetu ya zamani: je, mtu abadilishe vitufe? Ctrl, Alt na K inafungua ukurasa wa vitufe kwenye Premiere na kwenye Resolve pia, na Resolve inakuruhusu kuchagua mpangilio wa vitufe vya Premiere wote kwa mara moja. Mimi naona ni busara kwa anayehama.

KULWA: Ni busara kama kompyuta ni yako peke yako. Studio nyingi hapa mjini zina mashine moja na wahariri watatu wanaopokezana. Ukibadilisha Delete, anayekuja zamu ya jioni ataharibu harusi ya mtu.

NEEMA: Programu inatunza mipangilio ya vitufe kwa majina. Kila mmoja ahifadhi wake na auchague akikaa.

KULWA: Atakumbuka kuuchagua, na mteja amesimama mlangoni anadai video yake? Ajifunze vitufe vya asili. Na kitufe chochote ambacho hatukukitaja leo, asikitafute kwenye orodha ya ukutani. Afungue menyu ya kazi anayoifanya, njia ya mkato imeandikwa upande wa kulia wa kila jina. Akijikuta amefungua menyu ileile mara tatu katika kazi moja, aandike kitufe hicho kimoja kwenye kikaratasi, akibandike chini ya kioo cha kompyuta hadi atakapoacha kukisoma.

NEEMA: Kwa hiyo karatasi imerudi ukutani, kaka Kulwa.

KULWA: Imerudi ikiwa na mstari mmoja.