Shemeji na Mifuko Kumi ya Simiti

(Mazungumzo na wafanyabiashara wanaoanza, Kisumu)

Hamjambo. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana nimekuja na jambo lile lile: kanuni za duka ziandikwe, na zifuatwe. Nitalirudia mpaka niache kuona "Mali kwa pesa, deni kesho" ukutani kwa kila duka kutoka Kondele hadi Kibuye, na chini ya bango mwenye duka anampimia jirani sukari ya mkopo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nalo bango hilo, kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi. Chini yake aliketi keshia wangu, kijana mpole, hesabu zake safi. Siku moja niko Busia, shemeji yangu akanipigia: Jumamosi anamwaga zege na amepungukiwa mifuko kumi. Shemeji hakataliwi, mnajua. Nikampigia kijana: "Mpe." Hakuandika popote, kwa kuwa sikumwambia aandike. Wiki hiyo hiyo fundi mmoja, mteja wetu wa kila siku, akaomba mifuko minne, akapewa. Akaja wa mabati. Akaja wa misumari na rangi. Mwisho wa mwezi nilipopiga hesabu nikakuta upungufu, nilimfuta kijana kazi papo hapo kaunta, wateja wakitazama, na mshahara wake nikauzuia wote. Akaniuliza swali moja: "Mzee, nimevunja sheria gani? Ni hii uliyoivunja wewe?"

Nilimwona mjeuri. Kumbe ndiye pekee pale dukani aliyeielewa kanuni yangu.

Barua ya ofisi ya kazi ilipokuja, ndipo nikaisoma Sheria ya Ajira ya 2007, nikiwa nimechelewa. Kumbe kabla ya kumfuta mtu kwa kosa unamweleza kosa lenyewe kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua yupo, kisha unamsikiliza. Kumbe makato yote kwa jumla hayazidi theluthi mbili za mshahara. Nililipa. (Mnaocheka hapo nyuma mnauliza kama shemeji alilipa. Alilipa nusu.)

Sasa sikilizeni tulichoandika baada ya hapo: "Deni linaidhinishwa na mwenye duka peke yake. Halizidi shilingi elfu tano. Linaingia daftarini na mteja anaweka sahihi kabla mzigo haujatoka. Mwenye duka akiidhinisha kwa simu, anatuma ujumbe, na keshia anauhifadhi. Jamaa za mwenye duka wanafuata njia hii hii." Sentensi tano. Ile ya mwisho ilinigharimu chakula cha Krismasi kwa wakwe.

Hiyo ndiyo sera. Neno linawatisha watu, wanadhani ni kitu cha Bunge. Ni kusema nani anaamua, mpaka kiasi gani, na inaandikwa wapi. "Tuwe waaminifu" si sera. Ni dua.

Najua mtu ananiambia kimoyomoyo: mimi nina vijana wawili tu na pikipiki moja. Bwana wee, mmoja wao akishafanya miezi mitatu, sheria inataka mkataba wa maandishi. Na mkifika mahakamani huna karatasi, kazi ya kuthibitisha mlichokubaliana ni yako wewe mwajiri. Neno lako dhidi ya lake, na mzigo uko mgongoni mwako.

Mwingine amepakua kurasa arobaini kutoka intaneti. Mama mmoja mwenye hoteli ya samaki alinionyesha zake, na ndani kuna utaratibu wa siku ambazo theluji imefunga barabara. Theluji, hapa ziwani! Lakini nani ashike hela za M-Pesa zikiingia kwenye simu ya mpishi, hakuna hata mstari. Andika yale yaliyokwisha kukuuma. Yaandike kwa Kiswahili, na kama kijana wako anaelewa Dholuo zaidi, mkalishe umweleze kwa Dholuo kabla hajaweka sahihi. Asiyejua kusoma, sheria yenyewe inakutaka umweleze mkataba.

Naonyeshwa saa. Basi haraka haraka: likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na mapumziko ni siku moja katika kila saba, msipunguze. Mjamzito ana miezi mitatu, baba wiki mbili, kwa malipo. Mkifika wafanyakazi 20, lazima muwe na sera ya unyanyasaji wa kijinsia, na isiwe ya kunakili. Namba za simu za wateja nazo zina sheria yake, ya kulinda data, ya 2019, hiyo nilitaka tuikalie lakini haitawezekana leo. Kila karatasi iwe na tarehe, ili ukibadilisha ijulikane ipi ilikuwa inatumika siku ya kosa.

Wenye daftari za madeni, sogeeni hizi meza za mbele. Tunaanza na yale mliyowapa shemeji zenu.