Ini Lililozoea Pombe

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira kuja kutusikiliza, asalaam alaykum na hamjambo nyote.

Hapa Malindi hatukosi mtu anayesifiwa kuwa tembo halimlevyi: huketi mangweni tangu alasiri, mrija mdomoni, wenzake wakalala kwenye majamvi, naye akanyanyuka usiku akaenda kwake bila kuyumba. Sifa hiyo ndiyo nitakayoizungumzia, kwa sababu kwa jicho la tabibu ni dalili, na wala si dalili njema.

Pombe ikifika kwenye ini huvunjwa hasa na kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi za kemikali mwilini, kinachoigeuza kuwa asetaldehaidi, kisha kimeng'enya kingine huigeuza asetaldehaidi hiyo kuwa asetati, ambayo mwili huimudu. Asetaldehaidi ni sumu inayoganda kwenye DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, na kuiharibu, na ni sababu mojawapo ya vileo kuhesabiwa tangu mwaka 1988 miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kumletea binadamu saratani. Hayo wengi mmeyasikia.

Iko njia ya pili, iliyoelezwa mwaka 1968 na Charles Lieber na mwenzake huko Marekani, nayo hutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2E1. Kwa asiyekunywa, kimeng'enya hiki ni kichache. Lakini anayekunywa kila siku, hata bia mbili za nusu lita, ambazo ni kama gramu 40 za pombe, ini lake huanza kukiongeza ndani ya wiki moja. Uzoefu wa ubongo nao una sehemu yake, ila sehemu ya ushujaa wa yule bwana wa mangweni ndiyo hii: ini lake limeongeza wafanyakazi.

Bahati mbaya ni kwamba wafanyakazi hao hawakuajiriwa kwa pombe peke yake. Moshi wa tumbaku una kemikali ziitwazo naitrosamini, ambazo zinapoingia mwilini bado ni kisu butu, na CYP2E1 ni kimojawapo cha vimeng'enya vinavyozinoa zikapata makali ya kuikata DNA. Kadiri kimeng'enya kinavyozidi, ndivyo visu vinavyonolewa. Isitoshe, pombe ikiwa bado imo kwenye damu, kimeng'enya hicho cha ini huwa kimeshikwa nayo, kama bawabu aliyezongwa na mgeni mmoja mlangoni huku wengine wakipenya nyuma yake. Naitrosamini hupita ini bila kuguswa, zikaufikia umio, yaani mrija wa kupitishia chakula, na huko nako mnywaji wa siku nyingi ana CYP2E1 nyingi kuliko kawaida. Ndiyo maana saratani ya mdomo, koo na umio kwa anayekunywa na kuvuta haiwi hatari mbili zilizojumlishwa, bali zilizozidishana. (Kwa njia hiyohiyo, mnywaji wa kila siku anayemeza panadoli kupita kiasi huweza kuliumiza ini lake upesi kuliko jirani yake, hiyo si saratani, lakini kinoleo ni kilekile.)

Mzee pale mbele ameniuliza kama tembo la mnazi, kwa kuwa latoka mtini na halina kemikali, nalo lina mambo haya. Mzee wangu, tembo analoliteremsha mgema alfajiri, tamu na lenye nyuki waliozama, lina pombe kidogo. Kufika jioni limechachuka na pombe yake imepanda, na pombe hiyo ni ileile iliyomo kwenye chupa ya bia, ini halizitofautishi.

Kijana aliyeuliza kuhusu kuacha, jibu lako lina pande mbili. Mtu akiacha, CYP2E1 hupungua katika muda wa siku chache tu, na ini hurudi kwenye idadi yake ya zamani ya wafanyakazi. DNA iliyokwisha kukatwa vibaya haifuati kalenda hiyo, na hatari ya saratani ya mdomo na umio hushuka polepole, kwa miaka.