Mkojo wa saa ngapi?

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kiwango cha maambukizi ya kichocho Afrika Magharibi. Nitazungumza, lakini kwanza niulize lile ninalouliza kila ninapoitwa, mpaka watu wamenichoka: mkojo ulichukuliwa saa ngapi?

Msicheke. Mayai ya kichocho cha mkojo hayatoki sawasawa kutwa nzima. Hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Timu ikifika shuleni saa moja, ikakusanya vikopo na kuondoka saa tatu kwa sababu gari linasubiriwa kwingine, itarudi na asilimia ndogo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2022, eneo lenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi linapewa dawa kila mwaka, kuanzia watoto wa miaka 2 hadi watu wazima. Sasa chukua kijiji chenye 13, kikasomeka 8. Dawa haiji. Kijiji kimeponywa na dereva!

Haya, saa imezingatiwa, kikopo kiko mezani. Yai huzama. Fundi akivuta mkojo wa juu juu kwa bomba la sindano, anachuja maji matupu. Tikisa kikopo, au vuta na kurudisha mara mbili tatu, ndipo uvute mililita 10 na kuzisukuma taratibu kwenye kichujio, uhesabu mayai kwa hadubini. Mtoto kaleta mililita 6? Andika 6. Usimwandikie 10 kwa huruma. Maambukizi mazito huanzia mayai 50 kwa mililita 10. Mayai 35 ndani ya mililita 6 ni sawa na 58, mtoto ana maambukizi mazito. Daftari lililojazwa 10 litamweka kwenye mepesi.

Kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni: siku hizi kuna vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, hadubini ya nini? Vijiti ni vizuri, rahisi, havihitaji umeme. Ila kijiti kinaona damu, hakioni yai. Msichana aliye kwenye hedhi atahesabiwa mgonjwa. Na kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hupitia kwenye kinyesi, kijiti hicho hakikijui kabisa.

Ndiyo maana nang'ang'ania bonde la Mto Senegal. Kabla bwawa la Diama halijakamilika mwaka 1986, kila kiangazi maji ya bahari yalipanda mto, na konokono wanaobeba kichocho cha tumbo hawakustawi. Bwawa likaizuia chumvi, mifereji ya mashamba ya miwa ikajaa maji mwaka mzima, na 1988 kichocho cha tumbo kikajitokeza katika mji wa Richard-Toll, Senegal. Miaka michache tu kikawa kimetapakaa mji mzima. (Kamba wa mtoni wanaokula konokono nao walifungiwa njia na bwawa hilohilo, lakini hilo tuliache.) Mtafiti ambaye angekwenda na vikopo vya mkojo peke yake, kwa kuwa ramani ya zamani ilimwambia ndicho kichocho cha huko, asingekiona.

Kinyesi nacho kina yake. Kwa njia ya Kato-Katz, ya kuhesabu mayai ya kinyesi kwa hadubini, tundu la kibao cha kupimia hubeba miligramu 41.7, na hesabu huzidishwa mara 24 kupata mayai kwa gramu. Maana yake yai moja ni 24. Mtoto mwenye mayai 10 kwa gramu mara nyingi ataandikwa mzima. Basi slaidi mbili, na ikiwezekana vinyesi vya siku tofauti. Kama unatafuta minyoo ya safura humohumo, soma ndani ya saa moja. Glisarini ya kwenye slaidi ikizidi kukaa, mayai yake hayaonekani tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Harakaharaka: ukipima shuleni tu, umewaacha wavuvi, kina mama wanaofua mtoni na watoto wasiosoma. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui minyoo michanga, kwa hiyo ukirudia kupima mahali ambapo watu wanaoga mferejini kila siku, usikimbilie kusema dawa imeshindwa. La watoto wadogo nimeliruka, niulizeni nje.

Hadubini mbili ziko pale dirishani. Yai la kushoto lina mwiba mwishoni, ni la mkojo. La kulia mwiba uko ubavuni, ni la tumbo. Pangeni foleni, na msiguse meza.