Ibada ya Saa 10 Jioni: Mchungaji Kati ya Viwanda

Wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, Bwana Yesu asifiwe.

Narudia jambo lile lile kwa sababu bado halifanyiki. Katika sharika zetu za Dar es Salaam zilizo jirani na viwanda, Chang'ombe, Keko, Ubungo, Mbagala, ratiba ya usharika ipangwe kwa kuangalia zamu za waumini.

Chukueni kiwanda chenye zamu tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, na watu wanabadilishana kila wiki. Ibada zetu ni saa 1 na saa 3 asubuhi. Wa zamu ya mchana anafika vizuri. Wa usiku ametoka kazini saa 12, hajalala. Akisinzia kwenye mahubiri msimkemee. Wa asubuhi yuko kwenye mashine mpaka saa 8. Huyo hana ibada! Usharika ukitoa Chakula cha Bwana mara moja kwa mwezi, na Jumapili hiyo ikaangukia zamu yake, anakaa miezi miwili bila Meza. Halafu mzee wa kanisa anamwandika kuwa mlegevu. Mlegevu ni nani hapo?

Mtasema aombe ruhusa, Jumapili ni siku ya Bwana. Tanuru la kioo lina joto la nyuzi 1,500 hivi. Likizimwa, kioo kinaganda ndani na tanuru linaharibika. Lazima mtu awepo. Na Ungamo la Augsburg la 1530, ungamo la imani letu sisi Walutheri, Ibara ya 28, linafundisha kwamba Jumapili iliwekwa ili watu wajue lini wakusanyike, wala si sharti la wokovu. Mnalisoma chuoni, mkifika usharikani mnalisahau.

Kwenye rejesta ya jumuiya, yaani vikundi vya waumini vya mtaani, ongezeni safu ya zamu. Wekeni ibada ya Jumapili saa 10 jioni, dakika 50, mahubiri yasizidi 12. Saa 9 ni mapema mno: mtu ametoka saa 8, kuna foleni, kuna kuoga. Inapokufa ibada hii, mara nyingi ni kwa sababu mchungaji amechoka akamwachia mwinjilisti, naye hatoi sakramenti. Mchungaji awepo mwenyewe.

Wa zamu ya usiku msimgongee mlango saa 4 asubuhi, ndiyo kwanza amepata usingizi. Kibarua aliyekosa kazi getini anarudi nyumbani mapema, mkono mtupu. Mtembeleeni siku hiyo, na bahasha ya ahadi, ile ya sadaka aliyoahidi, msiitaje.

Muda umekwenda. Kuhusu makabila: kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, liliunganisha makanisa saba mwaka 1963. Mchaga wa Leipzig, Mhaya wa Bethel na Mbena wa Berlin, kila mmoja kwa jina la misheni ya Kijerumani iliyohubiri kwao, wanakaa benchi moja, kila mmoja na desturi ya kwao. Kwaya zipokezane. Msiba wa nyumba yenye Waislamu, ulizeni saa za swala kabla ya kutangaza ibada. Na anayetoka kijijini bila barua ya uhamisho, mpokeeni. Mchungaji wake mpigieni simu Jumatatu.