Է: herufi moja, kitenzi kizima

Ndugu zangu, tazameni ubaoni. Nimeandika herufi mbili za Kiarmenia: Ե, kisha Է. Kwa haraka utadhani nimerudia herufi ile ile. Angalieni kichwani: ya pili imepinda shingo kuelekea kushoto. Ya kwanza ikianza neno hutamkwa "ye", nayo ndiyo inayofungua jina la Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Ya pili ni "e" kama ya embe letu. Ukurasa ni էջ, punda ni էշ.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonisimamisha hapa leo.

Mtawa Mesrop Mashtots alipowaundia Waarmenia alfabeti, yapata mwaka 405, herufi zilikuwa 36, na Է ilikaa ya saba. Herufi hizo zilitumika kuhesabia pia, kwa hiyo Է ni 7. Lakini uzito wake hautoki kwenye hesabu. Ikisimama peke yake, Է ni neno: kitenzi "kuwa", nafsi ya tatu. Sisi husema "hii ni nyumba". Mwarmenia husema սա տուն է, *sa tun e*, kana kwamba "hii nyumba ni". "Ni" yake hungoja mwisho, ndiyo inayofunga sentensi.

Na kitenzi hicho hicho hubeba maana ya "yupo". Ukiingia katika kanisa la Kiarmenia, inua macho juu ya madhabahu. Mara nyingi utaikuta Է peke yake. Hakuna jina, hakuna aya. Yupo, basi. Kiswahili hubana mengi katika neno moja, lakini ungamo zima la imani kwa herufi moja, hapo Waarmenia wametushinda.

Sasa fikirini mwaka 1922. Armenia ya Kisovieti ikabadili tahajia, Է ikaondolewa. Hata kitenzi chenyewe kikaandikwa kwa Ե. Waliotetea mageuzi walitaka kusoma kuwe rahisi kwa wengi, na hoja hiyo siidharau. Lakini herufi uliyoiona juu ya madhabahu tangu utotoni, leo uambiwe haimo katika alfabeti! Mimi naona hilo lilikuwa jeraha. Ilirudishwa mwaka 1940. Huko Beirut (Lebanon) na Aleppo (Syria), walikokimbilia wengi walionusurika mauaji ya Waarmenia ya 1915 katika Dola ya Osmani, haikuwa imeondoka hata siku moja: shule zao na magazeti yao yalishikilia tahajia ya kale, na watoto waliendelea kufunga sentensi zao kwa Է.