Korodani na Ubaridi Wake: mhadhara kwa wafugaji, Wete

Assalamu alaikum, wazee wangu na ndugu zangu wafugaji. Naomba leo tusioneane haya, kwani tunazungumzia umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu, na mfugaji asiyelijua hupata hasara.

Mezani hapa nina korodani ya fahali niliyoichukua machinjioni asubuhi. Ishikeni. Imekaza kidogo, kama embe linaloanza kuiva. Nikiipasua, mnaona nyama ya manjano hafifu iliyojaa virija vyembamba mno ambamo mbegu hutengenezwa, na baina ya virija hivyo zimo seli zinazotoa homoni ya kiume, ile inayomjaza fahali shingo na kumpa hamu ya jike. Ubavuni umeambatana mrija uliojikunjakunja, uitwao epididimisi, ambao kwa fahali ukinyooshwa hupindukia mita 30. Mbegu hupita humo kiasi cha siku 10 zikikomaa, kisha hungoja mkiani mwake, kwenye hicho kijinundu cha chini mnachokigusa.

Kwa nini basi kiungo chenye thamani hivi kikaning'inizwa nje? Sababu ni joto. Kwa mifugo yetu, mbegu hazitengenezeki vyema mpaka korodani iwe na joto pungufu ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Kwa hiyo ateri, yaani mshipa unaoishushia korodani damu, hupita ndani ya wavu wa vena, mishipa inayopandisha damu iliyokwisha kupoa, na damu ya moto hupungua joto kabla haijafika. Alfajiri ya kipupwe msuli huivuta korodani juu na ngozi ya mfuko wake hujikunyata. Jua likikaza, vyote hulegea. Mtazameni beberu nyakati hizo mbili mtaliona wenyewe.

Perere, yule mnyama mdogo apandaye miti katika misitu yetu, hayuko hivyo: korodani zake zimo tumboni, kama za tembo. Pomboo mnaowaona baharini nao wanazo ndani, lakini damu iliyopozwa na maji kwenye pezi la mgongoni na mkiani hupitishwa kando ya ateri za korodani ili izipoze. Kila nikilifikiri hili hustaajabu.

Uume wa fahali, uliojikunja mfano wa herufi S na kunyooka wakati wa kupanda, pamoja na tezi zinazoongeza majimaji ya shahawa, tutavipatia siku yake.

Mzee mmoja alinijia akilalamika kuwa fahali wake, aliyeugua ndigana, homa ya ng'ombe iletwayo na kupe, akapona, amepanda majike watatu na wote wamerudi kwenye joto, yaani wanataka dume tena. Alikwisha azimia kumchinja. Nilimweleza kuwa homa ile iliziharibu mbegu zilizokuwa zikiundwa, na kwamba mbegu ya fahali huchukua siku 61 hivi kuundwa, mbali na safari ya epididimisi, hivyo asimhukumu kabla ya miezi mitatu. Alisubiri. Jike wa kwanza aliyepandwa baada ya hapo alishika mimba.